Je, Chombo cha Kujichorea Mwenyewe Kitamwondolea Fundi Riziki Yake?



Katika mkutano wetu mkuu uliopita lililetwa suala moja lililozungumzwa kwa muda mrefu, na likaachwa bila ya jibu kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Kamati imetutaka tulitazame kwa utulivu na tuliandike katika jarida hili kwa njia ya somo, ili kila mwanachama alisome nyumbani kwake, na tutakapokutana tena tuamue kwa ujuzi wala si kwa hamasa.

Suala lenyewe ni hili. Karafuu zetu kavu, kama mjuavyo, huenda katika vituo vya ZSTC ndani ya magunia, na gunia halitaki urembo. Lakini chama kimekusudia kuuza iliki, mdalasini na pilipili manga za mashambani kwetu katika vifurushi vidogo, pamoja na sabuni ya karafuu inayotengenezwa na akina mama wa chama. Kila kifurushi sharti kiwe na lebo. Fundi msanifu amekwisha kutaja ujira wake, na ujira ule si mdogo kwa mfuko wa chama. Upande mmoja wa mkutano ukasema: kuna haja gani ya kumlipa mtu, nasi tuna vijana wenye simu, na ndani ya simu mna programu inayotengeneza lebo kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa? Upande wa pili ukasema: tukifanya hivyo sisi, na kesho wakafanya hivyo wenye maduka na wenye mahoteli, kijana yule aliyesomea kazi hiyo, naye ni mtoto wa kisiwa hiki hiki, atakula nini?

Maneno yote mawili yana haki. Basi na tuyapime.

Kwanza tujue kazi ya msanifu ni kazi gani. Watu wengi hudhani kuwa ni kuchora, na kwa hivyo asiyejua kuchora husema "siwezi", na aliyepata mashine ya kuchora husema "sasa naweza". Kuchora ni sehemu tu ya kazi hiyo. Msanifu huamua jina liwe kubwa kiasi gani, jicho la mnunuzi lianzie wapi na liishie wapi, rangi gani ikae na rangi gani, maneno gani yaandikwe, na, lililo gumu zaidi, maneno gani yaachwe. Mwenye kuitazama lebo iliyokwisha haioni kazi hii, kama vile mnywaji wa chai ya viungo asivyoiona kazi ya kuchuma, kuchambua na kuanika.

Chombo kinachotajwa sana siku hizi ni Canva. Bibi Melanie Perkins alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa Perth, Australia, akiwafundisha wenziwe programu za usanifu. Akaona kwamba miezi mizima inapotea katika kujifunza tu kitufe gani kiko wapi. Mwaka 2007 yeye na Bwana Cliff Obrecht wakaanzisha biashara ya kuziwezesha skuli kujipangia zenyewe vitabu vyao vya kumbukumbu za mwaka. Kisha wakaungana na Bwana Cameron Adams, na mwaka 2013 wakaitoa Canva. Ndani yake mna violezo vya kila namna, lebo, kadi, matangazo, vyote vimekwisha kupangwa, na mtumiaji hana kazi illa kubadili maneno na picha. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 200 huitumia kila mwezi. Hata kadi za harusi za hapa kisiwani, ukizikusanya tano au sita ukazitazama vyema, utaona ua lile lile katika pembe ile ile.

Mtu akiisikia hesabu hiyo atasema: basi, mafundi wamekwisha. Lakini hofu hii imepata kuwako kabla yetu, na yafaa tuone waliokuwako walipatwa na nini.

Tangu mwaka 1886, ilipoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune ile mashine ya Linotype aliyoibuni Ottmar Mergenthaler, magazeti makubwa yalipangwa kwa herufi za risasi iliyoyayushwa. Mpangaji alikaa mbele ya mashine yenye joto na kelele, akibonyeza herufi moja moja, na mistari ya risasi ikidondoka ubavuni mwake. Ilikuwa kazi ya heshima, na mtu alijifunza kwa miaka kabla ya kuitwa fundi. Gazeti la New York Times lilipangwa kwa risasi kwa mara ya mwisho usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai, 1978. Huko London, mwezi wa Januari 1986, kampuni ya Rupert Murdoch iliyahamishia magazeti yake Wapping, katika kiwanda ambacho wapangaji wa namna ile hawakuhitajiwa tena. Wafanyakazi zaidi ya 5,000 waligoma, wakafukuzwa, na ugomvi ukadumu zaidi ya mwaka mmoja. Kazi yao haikurejea.

Katika miaka hiyo hiyo kilitokea chombo cha kujifanyia mwenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya Apple iliuza mashine ya kuchapa iitwayo LaserWriter kwa dola 6,995. Ndani yake mlikuwa na lugha ya kompyuta ya kuelezea ukurasa, iliyotungwa katika kampuni ya Adobe ya John Warnock na Charles Geschke. Mwaka huo huo kampuni ya Aldus, ya Paul Brainerd, ikatoa programu ya PageMaker. Kwa vitu viwili hivyo na kompyuta moja, mtu aliweza kukaa mezani pake akapanga jarida zima bila ya kumwita mpangaji wala msanifu. Na kweli watu walijipangia. Yalitoka majarida ya vyama na ya makanisa na ya maduka yenye aina kumi za herufi katika ukurasa mmoja, kila mstari na sura yake, mfano wa barua ya mnyang'anyi aliyekata herufi katika magazeti tofauti ili asijulikane mwandiko wake. Kila kilichowezekana kilifanywa, kwa sababu kiliwezekana.

Je, wasanifu walikufa njaa? La. Wao wenyewe walikishika chombo kile. Yale waliyokuwa wakiyaandika pembeni mwa karatasi ili mpangaji ayafuate, sasa waliyafanya kwa mikono yao, na kazi zao zikaongezeka, hasa ilipokuja intaneti na kila kampuni ikataka kurasa zake. Waliokwenda ni wapangaji wa herufi.

Tusilipite jambo hili upesi, kwa sababu ndani yake mna jibu letu. Watu wale wawili walifanya kazi katika jengo moja, juu ya karatasi moja, na kila mmoja alikuwa na ujuzi wake. Mpangaji alilipwa kwa kutekeleza lililokwisha kuamuliwa, na msanifu alilipwa kwa kuamua. Chombo kilikula kazi ya kutekeleza. Kazi ya kuamua hakikuweza kuila, na hata aliyenunua PageMaker bado alikuwa na hukumu ya kutoa: herufi ipi, ukubwa gani, picha iwe wapi. Alipokuwa hana hukumu hiyo, karatasi yake ilimtangaza.

Kwetu pwani tunao mfano mwingine, nao twaupenda zaidi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizochapwa mfululizo katika jora moja. Badala ya kukatiwa leso moja moja, walikatiwa sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja ya kujifunga. Hawakumwomba ruhusa fundi yeyote. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima ichapwe kwa mtindo ule, yenye pindo na mji, na baadaye jina. Ikazaliwa kanga, na kwa kanga zikazaliwa kazi za watu wa kutunga michoro na misemo, mwaka baada ya mwaka. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na watu bado wanatafuta kanga zake. Wale akina mama kwa sindano zao waliwaonyesha wafanya biashara kitu kinachotakiwa, na mafundi wakapata kazi ambayo kabla yake haikuwako.

Lakini hatutaki kumfariji mtu kwa uwongo. Wako walioumia, na hatuhitaji kwenda New York kuwatafuta. Wazee wetu waliokuwa wakiandika mabango ya maduka kwa brashi na rangi ya mafuta wamebaki wachache sana, kwa kuwa mwenye duka siku hizi hupeleka maneno yake kwenye mashine ya kuchapa turubai na jioni bango liko juu ya mlango. Wapiga picha wa studio wanalijua hili pia.

Na sisi wakulima wa karafuu tunalijua kuliko wote. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hukatwakatwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kreteki. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko kwao, na kwetu ilikuja tu katika karne ya 19. Katika miaka ya 1970 Indonesia ikaamua kupanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikaweza kujitosheleza. Mteja wetu alijifanyia mwenyewe. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka bei ilivyoanguka, na mashamba yaliyoachwa yakaota magugu kwa sababu ujira wa wachumaji ulishinda thamani ya karafuu yenyewe. Hapana mtu aliyetukosea. Tulikuwa tukimuuzia mtu kitu ambacho ardhi yake ingeweza kumpa.

Kwa hivyo swali la kumwuliza kijana wetu msanifu ni hili: katika unayoyauza, ni yapi ambayo ardhi ya mteja wako yaweza kumpa? Kadi ya harusi, tangazo la mashindano ya mpira, ratiba ya mwezi wa Ramadhani, hizi simu inazitoa, nasi hatuoni sababu ya chama kulipa ujira kwa tangazo la mkutano litakalobanduliwa baada ya wiki mbili. Lakini lebo ya bidhaa ni jambo jingine. Ili tusiseme kwa kukisia, mwandishi wa jarida hili pamoja na vijana wawili wa chama tulikaa tukaijaribu kazi yenyewe katika simu, mwanzo mpaka mwisho. Tuliyoyaona ni haya.

Kiolezo tulikipata, na kilikuwa kizuri kweli. Jani la kijani, duara ya rangi ya dhahabu, nafasi ya jina katikati. Tukaona tuifanye duara ile na jani lile kuwa nembo ya chama. Tulipoyasoma masharti, tukaona kwamba picha na michoro iliyomo katika programu ile ni ya kila mtu anayeitumia, wala huwezi kuisajili kuwa alama yako ya biashara. Na ndiyo haki, maana utasajili vipi kitu ambacho mtu wa Madagascar au Sri Lanka, nao ni wauzaji wa karafuu, anaweza kukitumia leo hii juu ya kifurushi chake? Nembo ya kusajiliwa sharti iwe imetungwa kwa ajili yetu. Usajili wenyewe kwa hapa Zanzibar ni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), na kwa bara ni kwa BRELA, na aliyesajili upande mmoja hajalindwa upande wa pili. Wanachama wengi hawalijui hili.

Kisha rangi. Kioo cha simu hutoa nuru, na rangi zake zote hutokana na nuru nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino, na kwa kawaida wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka katika simu hakiwezi kupatikana kwa wino hizo, na lebo ikitoka huwa imefifia kama jani la juzi. Fundi hujua tangu mwanzo rangi ipi itafika salama. Hujua pia kwamba rangi ya pembeni sharti ivuke mpaka wa kukatia, aghalabu kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiteleza kidogo tu hubaki mstari mweupe. Na picha ya shamba tuliyotumiwa na mwanachama kwa WhatsApp, ambayo katika simu ilikuwa safi kama maji ya kisima, ilipochapwa ilikuwa na ukungu. Picha ya kuchapwa hutakiwa iwe na nukta kama 300 katika kila inchi, na WhatsApp huipunguza picha ili ipite upesi.

Halafu maandishi madogo, ambayo kwetu sisi ndiyo makubwa. Anayetaka kuuza chakula katika nchi za Umoja wa Ulaya hufuata kanuni nambari 1169 ya mwaka 2011. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba herufi za maelezo ya lazima ziwe na urefu usiopungua milimita 1.2, ukipima herufi ndogo kama x. Kifurushi ambacho upande wake mkubwa haufiki sentimita 80 za mraba kimeruhusiwa milimita 0.9. Kiolezo chetu kizuri kilikuwa na maandishi ya nyuma membamba kama miguu ya sisimizi. Hakuna sauti iliyotoka katika simu kutuonya. Vile vile ile mistari ya kusomwa na mashine dukani: kijana mmoja aliipaka nyekundu ipatane na dhahabu, ikapendeza. Lakini mashine nyingi za madukani husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga mwekundu mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe hauonekani. Bidhaa ingefika dukani ikakataliwa hapo mezani pa malipo.

Na tuseme kidogo juu ya Kiarabu, kwa kuwa wako wanachama wenye jamaa Muscat na Dubai walioshauri lebo ya sabuni iandikwe kwa lugha hiyo pia. Tuliosoma chuoni tunajua kwamba herufi za Kiarabu hushikana na hubadili sura kwa kufuata mahali zilipo. Neno qaranful, ambalo ndilo mzazi wa neno letu karafuu, huandikwa qaf na ra pamoja, kisha nun, fa na lam pamoja. Programu nyingi za leo zinalijua hilo, lakini tulipoyahamisha maneno kutoka programu moja kwenda nyingine, herufi zilitoka kila moja peke yake, tena zimepangwa kuanzia kushoto, lam ikiwa mahali pa qaf. Wale vijana wawili, ambao Kiarabu chao ni kidogo, walisema limependeza. Na kweli, kwa asiyesoma lilikuwa na haiba yake. Mnunuzi wa Muscat angelicheka kwanza, kisha angelirudisha sabuni mahali pake.

Mwisho tukajaribu zile programu za kutunga picha kwa kuandikiwa maneno tu, ambazo zilienea tangu mwaka 2022. Tukaiandikia itutengenezee karafuu mbichi juu ya mti, tayari kwa kuchumwa. Ikaleta picha ya kupendeza mno: vishada vya maua yaliyokwisha kufunguka, yenye nyuzi nyuzi nyeupe. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa. Karafuu iliyofunguka ua si karafuu tena ya kuuza, na chama cha wakulima kitakachoibandika picha ile juu ya bidhaa yake kitakuwa kimejitangazia kwamba kinachelewa kuchuma.

Hatusemi kwamba chombo ni kibaya. Makosa haya yote msanifu hodari angeyakwepa akiwa na chombo hicho hicho mkononi, na wengi wao wanakitumia kila siku. Mwezi wa Machi 2024 kampuni ya Canva yenyewe iliinunua Affinity ya Uingereza, ambayo ni programu za usanifu zinazotumiwa na mafundi. Ingekuwa mafundi wanakwisha, kununua zana zao kungekuwa na maana gani?

Kwa upande wa fundi aliyekomaa, basi, hatuna hofu kubwa. Hofu yetu iko mahali pengine, na katika mkutano hapana aliyeitaja.

Fundi aliyekomaa hakuzaliwa amekomaa. Alianza kwa kadi za harusi na matangazo ya mpira, kazi ndogo ndogo zenye ujira mdogo, ambazo akikosea hapana aliyefilisika. Kwa kazi mia za namna hiyo akapata jicho. Mwaka 1971 huko Portland, Marekani, mwanafunzi wa usanifu jina lake Carolyn Davidson alilipwa dola 35 kwa kuchora alama ya viatu vya Nike, na alama hiyo leo inajulikana na mtoto wa kila kijiji. Baadaye, mwaka 1983, kampuni ikampa hisa. Lakini siku ile ilikuwa ni kazi ndogo, aliyopewa mwanafunzi kwa sababu ilikuwa rahisi kumpa. Leo kazi kama ile ingekwenda kwa simu.

Hapa ndipo chombo kinapouma. Hakikati mti, kinakata vichipukizi. Shamba lenye mikarafuu mikubwa yenye kuzaa, lakini halina miche chini yake, hulioni kasoro mwaka huu wala mwaka ujao, na mkarafuu mmoja unaweza kuzaa kwa miaka mingi kuliko umri wa aliyeupanda. Siku mikubwa ikianguka ndipo utakapojua. Tukizipeleka kazi zote ndogo kwa simu, tutafika siku tunahitaji msanifu wa lebo ya Ulaya hapa kisiwani, na hatutampata. Tutaagiza kutoka Dar es Salaam au Nairobi, kwa bei watakayotaka wao.

Wengine watajibu kwamba kijana anaweza kujifunza kwa chombo hicho hicho. Ni kweli kwa sehemu, na katika wale vijana wawili tuliokaa nao mmoja ameonyesha kipaji. Aligundua mwenyewe kwamba jina la chama lilikuwa limemezwa na duara, akalisogeza. Lakini hapakuwa na wa kumwambia kwa nini lilimezwa. Kiolezo hukupa jawabu bila ya hesabu. Mwanafunzi aliyenakili jawabu la mwenziwe hupata alama zake siku hiyo, na mtihani ujao huja na hesabu nyingine.

Kwa hayo, Kamati inaleta mbele ya wanachama mapendekezo yafuatayo, yatakayopigiwa kura katika mkutano ujao. Matangazo, mialiko na ratiba za chama zifanywe na vijana wetu kwa simu, pasina ujira wa fundi. Nembo ya chama na lebo za bidhaa apewe fundi msanifu kwa mkataba wa maandishi, nao uwe na masharti mawili ambayo mkataba wa kwanza haukuwa nayo. Sharti la kwanza ni kwamba michoro yote, pamoja na mafaili yake, iwe mali ya chama siku atakapomaliza kulipwa. La pili ni kwamba fundi akae na vijana wetu wawili katika kazi hiyo tangu mwanzo, wamwone akiamua, na yale matangazo wanayoyatengeneza kwa simu ayatazame mara moja kila mwezi na kuyasahihisha mbele yao. Kwa sharti hili la pili ameomba nyongeza kidogo juu ya ujira wake wa awali. Mwekahazina ana maoni yake juu ya nyongeza hiyo, naye atayasema mwenyewe.

Kabla ya siku ya kura, lebo mbili za sabuni zitabandikwa katika ukuta wa ofisi ya chama: ile tuliyoitoa kwa simu, na rasimu ya fundi, zote mbili zimechapwa kwa mashine moja na kwa karatasi moja. Hatukuandika ipi ni ya nani. Tunawaomba wanachama wapite wazitazame, kwanza wakiwa mlangoni, kisha kwa karibu, na wenye miwani waje na miwani yao wayasome maandishi ya nyuma. Ofisi iko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa, tangu saa mbili ya asubuhi mpaka adhuhuri.

Katibu wa Chama